Siku Bibi Alipoacha Kunisahihisha

Kiswahili nilijifunza mara mbili. Mara ya kwanza nilikiokota shuleni na katika wodi za hospitali ya serikali, kile Kiswahili chetu cha Ukambani ambacho kila kitu ni "hii" na kila mtu "ako na" kitu fulani. Mara ya pili nilifundishwa na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, nami nikiwa nesi mtu mzima, mama wa watoto walionipita urefu.

Tulikutana katika makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Machakos, mahali palipokuwa pakiendeshwa na watawa. Nilifika huko katika miaka ya tisini, baada ya kustaafu mapema hospitalini. Sikutaka kukaa nyumbani kuhesabu kuku. Mtawa aliyekuwa mkuu wa makao, ambaye sote tulimwita Sista tu, alikuwa akitafuta nesi wa mchana, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kuamka mapema.

Wanawake wa kanisani kwetu walinishangaa. "Kwani hao wazee hawana watoto?" waliniuliza, na sauti zao zilikuwa na lawama, kama kwamba mimi ndiye niliyewapokonya watoto wazee wao. Niliwaeleza kuwa wengine hawakuzaa. Wengine walichunga ng'ombe kwenye ranchi za upande wa Lukenya maisha yao yote, na miguu ilipokataa, hapakuwa na boma lililowakumbuka. Wengine walikuwa wamewazika watoto wao wote. Na wengine, ndiyo, watoto walikuwepo, na hawakuja. Baada ya muda niliacha kueleza. Nilisema tu kwamba naenda kazini.

Palikuwa na wodi mbili, ya wanaume na ya wanawake, na katikati yake ukumbi wa kulia chakula. Wodi ya wanaume ilikuwa na kelele kama soko. Mzee mmoja wa huko alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kiasi kwamba hangeweza tena kumtoa twiga ndani ya gogo, na nadhani nguvu zote zilizokuwa za mikono zilihamia mdomoni. Alilalamikia ugali kuwa mgumu. Ukilainishwa, alilalamika kuwa sasa ni uji. Alilalamikia blanketi, redio, na namna Sista alivyoimba asubuhi. Nilipoingia nikimwita babu kwa Kikamba, "Umau, umeamkaje?" alikuwa akijibu, "Nimeamka, lakini si kwa sababu ya kitanda chenu hiki."

Wodi ya wanawake ilikuwa kinyume. Ilikuwa safi na imetulia. Shuka zilikuwa zimenyooshwa, sakafu inang'aa, wazee wamekaa kwenye viti vyao wakitazama mbele. Wageni wa makao walipoletwa kutembezwa, hapo ndipo walipopelekwa kwanza. Aliyeitunza wodi hiyo alikuwa mhudumu wa umri wangu, mwanamke mwenye mabega mapana na mwendo wa haraka, aliyekuwa amefanya kazi hapo kabla yangu. Nilimpenda. Saa ya chai tulikaa pamoja kwenye ngazi za jikoni, akanisimulia kuhusu shamba lake na mahindi yaliyoungua kwa jua, nami nikamsimulia kuhusu hospitali. Alinichekesha. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyepanda hadi kwangu akiniletea ndizi.

Bibi aliletwa na jamaa za msikitini. Alikuwa Mswahili wa mjini, amezaliwa Machakos, lakini wazee wake walitoka pwani zamani. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza viungo vya pilau sokoni, iliki na mdalasini na bizari, akivifunga kwenye vipande vya gazeti. Mume alifariki, watoto hawakujaliwa, na mpwa aliyekuwa akimtunza alikuwa amehamia Mombasa. Kisha akaanguka akavunja nyonga. Alikuja na sanduku dogo la bati, kanga zake, msala, na birika la plastiki la kijani la kutawadhia.

Siku ya kwanza nilimwendea na vidonge mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Niko na dawa yako."

Akanitazama kwa muda. "Marahaba. Uko na nani?"

"Niko na dawa."

"Uko na mumeo, uko na mwanao. Dawa si mtu. Dawa unayo. Sema, nina dawa yako."

"Nina dawa yako, bibi."

"Basi lete."

Ikawa hivyo kila siku. Nilisema "hii kiti" akasema "kiti hiki". Nilisema "mtoto yangu" akashika kichwa kama mtu aliyepigwa jiwe. Hakuwa mkali. Alifanya kama mtu anayeona kanga ya mwenziwe imekaa upande, akainyoosha. Nilianza kukosea makusudi ili nimsikie, kisha nikaanza kutokosea, na siku moja akaniambia, "Sasa mtu anaweza kukaa nawe." Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha uuguzi.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mto uliokuwa chini ya mteremko ulibaki mchanga, na tangi letu lilijazwa kwa mitungi iliyoletwa na punda. Kila mtu alizungumzia maji. Sista alituomba tuyatumie kwa uangalifu, na tulifanya hivyo. Sikuwaza kwamba neno hilo, uangalifu, lingeweza kugeuzwa fimbo mkononi mwa mtu.

Asubuhi moja niliingia wodini kama kawaida, ulimi ukateleza kwa haraka, nikasema, "Bibi, niko na dawa yako."

Alifungua kinywa. Nikaweka kidonge. Akameza.

Nilisubiri. Nikasema tena, polepole, "Hii dawa ni ya mguu yako."

Alitazama ukuta.

Nilidhani amepata kiharusi kidogo. Nikamshika mkono, nikamwambia anifinye vidole, akanifinya sawasawa. Nikamtazama uso, haukuwa umepinda. Lakini midomo ilikuwa mikavu imepasuka, na ulimi ulikuwa kama ngozi iliyoanikwa. Nilipovuta ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama kabla ya kurudi. Nikamletea kikombe cha maji.

"Sina kiu, mwanangu," alisema.

"Kunywa kidogo tu."

"Sina kiu." Na macho yake yakaenda mlangoni.

Mhudumu alikuwa amesimama pale, amebeba shuka. "Wananisumbua na hiyo," aliniambia akitabasamu. "Wazee wakifika huko hawataki maji. Ni umri."

Niliondoka na kikombe kile. Kwenye ukumbi nikakutana na sinia ya vikombe vya chai vya asubuhi ikirudi jikoni. Vya wanaume vilikuwa vitupu. Vya wanawake vilikuwa vimejaa, chai imefanya utando juu. Nikamuuliza mpishi kama hivyo ni kawaida. Akasema, "Hao akina mama hawanywi, nesi. Tangu kitambo. Mimi napika tu." Nilisimama hapo na kikombe mkononi, nikawa nawaza jambo ambalo sikutaka kuliwaza. Umri haukai wodi moja ukaacha nyingine.

Siku hiyo nilirudi wodini mara nyingi bila kazi yoyote. Badala ya kusimama na sinia ya dawa, nilivuta kiti nikakaa. Ni jambo dogo, kukaa. Nesi akisimama, mzee anakuona ukiwa njiani kwenda kwingine. Niliona vitu ambavyo macho yangu yalikuwa yakivipita. Mlango ulipofunguliwa, mabega ya wazee wote yalipanda. Mhudumu alipopita katikati ya vitanda, mwaitu mmoja mwembamba wa kitanda cha pembeni, mama wa Kikamba asiyekuwa na meno, aliuvuta mkono wake haraka chini ya blanketi. Na birika la kijani halikuwepo chini ya kitanda cha Bibi. Nikaliona juu ya kabati, mahali ambapo mtu aliyevunjika nyonga asingelifikia kamwe.

Nikakumbuka pia kwamba wanawake wa msikitini, waliokuwa wakija kila Ijumaa na chakula na vicheko, sikuwaona tena. Nikamuuliza bawabu. "Mama wa wodi alisema wageni wanawachosha wazee," alinijibu. "Akasema waje siku ya sikukuu."

Kesho yake nilimwambia mhudumu kwamba Bibi nitamwogesha mwenyewe.

"Wewe mkubwa, wacha. Hiyo ni kazi yangu," alisema.

"Leo nataka kutazama mgongo wake, nisije nikakuta vidonda vya kulalia."

"Mgongo uko sawa. Mimi ndiye namgeuza."

"Najua," nikasema. "Lakini leo niachie."

Tulitazamana. Hatukuwa tumewahi kutazamana hivyo. Kisha akaweka ndoo chini na kutoka.

Nilifunga mlango, nikachota maji ya uvuguvugu, na kabla ya jambo lolote nikachukua birika juu ya kabati nikalijaza na kumpa. Alilipokea kwa mikono miwili. Nilipomvua nguo niliona mikono yake upande wa ndani, juu ya kiwiko, pale penye ngozi laini. Palikuwa na alama ndogondogo za vidole, nyingine za zambarau, nyingine zimekuwa za manjano.

"Bibi, hapa paliumiaje?"

"Nilijigonga."

Nimefanya kazi hospitali muda mrefu. Watu hujigonga magoti, hujigonga viwiko na paji la uso. Hapo chini ya mkono hakuna anayejigonga. Sikumwambia hivyo. Niliendelea kumwosha, nikimwambia kila ninachofanya kabla sijakifanya, sasa nainua mguu, sasa namwaga maji mgongoni.

Nilipomaliza kumfunga kanga ndipo aliposema, bila kunitazama, "Ukienda kwako jioni, mimi nabaki hapa na nani?"

Nilimpa jibu la kweli. "Bado sijui, Bibi. Lakini nitajua kabla ya jioni."

Sista alikuwa kwenye bustani ya sukuma wiki, ameinua nguo zake za kitawa hadi magotini akipalilia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kati ya matuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule?" akasema. "Yule ndiye mtu ninayewaonyesha wageni."

"Ndiyo, Sista."

"Kuna mtu aliyemwona?"

"Hapana. Na wazee hawatasema kitu akiwa bado anashika funguo za wodi. Tukimuuliza Bibi mbele yake, atasema alijigonga. Ameshaniambia hivyo mimi."

Alisafisha udongo vidoleni. Nilitarajia angesema tusubiri, tuombe, tufikirie. Nilikuwa nimewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wa namna hiyo. Lakini yeye aliweka jembe chini. "Basi tuanze kwa kuwapa wazee usalama," alisema. "Ukweli tutautafuta wakiwa wamekaa bila hofu. Tukikosea, nitamwomba msamaha. Tukiwa hatujakosea, hataingia tena pale."

Jioni ile Sista alimhamishia mhudumu kwenye chumba cha kufulia, akamwambia kwamba wodi itakuwa na watu wengine kwa muda, na kwamba kuna mambo anayoyatazama. Kisha alibeba godoro lake mwenyewe kichwani, akapita nalo ukumbini, akalitandika kwenye sakafu ya wodi ya wanawake. Mchongaji alimwona akipita. "Sista," alimwambia, "hata wewe umechoka na vitanda vyenu?"

Hakuna aliyesema lolote siku ile, wala ya pili. Hatukuwauliza. Tulileta chai tukakaa nao. Aliyetangulia alikuwa yule mwaitu asiye na meno. Alimwita Sista karibu akamuuliza kwa Kikamba kama yule mama mwenye mabega atarudi. Sista akamjibu kwamba hatarudi kwenye wodi hii. Mwaitu akafikiri kidogo, kisha akaomba uji. Akanywa kikombe kizima. Akaomba kingine. Mabibi wengine walikuwa wakimtazama kama watu wanaomtazama mwenzao akivuka mto, wajue kina kikoje. Akaomba apelekwe haja ndogo, na akapelekwa, na akarudishwa kitandani, na hakuna aliyemfokea. Baada ya hapo vikombe vyote viliinuliwa.

Ndipo wakasema. Walisema vipande vipande, mmoja akianza mwingine akimalizia. Walikuwa wameacha kunywa kwa sababu anayekunywa hukojoa, na anayekojoa alifinywa, au aliachwa akae kwenye unyevu mpaka mchana, au aliambiwa kwamba watoto wake hawamtaki na hata hapa atafukuzwa. Bibi ndiye aliyeonewa zaidi, kwa sababu aliomba maji ya kutawadha, na mhudumu alimwambia kwamba Mungu wake hataki maji ya uji wa wenzake yamwagike ardhini. Birika likawekwa juu. Bibi akaacha kuomba. Halafu akaacha kusema.

Nilisikia haya nikiwa nimekaa kando ya kitanda, na nilihisi hasira ambayo sikuijua. Lakini niliwaza pia ngazi za jikoni na zile ndizi. Nilijua kwamba lazima nizungumze naye mwenyewe.

Nilimkuta kwenye kamba za nguo nyuma ya jengo, akianika. Alijua nimekuja kwa nini.

"Wamesema," aliniambia.

"Wamesema."

Alibana shuka moja, akabana nyingine. "Wewe ulikuwa hospitali. Mlikuwa wengi. Mimi niko peke yangu na watu wote hao. Nainua huyu, huyu amekojoa. Nabadilisha huyu, yule amemwaga. Maji hakuna. Mgongo wangu umekufa. Na mimi ni mtu."

"Najua wewe ni mtu. Na Bibi?"

Alinyoosha shuka kambani. Alisema, "Wakipiga kelele, Sista ananiuliza kuna nini. Wakinyamaza, mnaniletea wageni kunisifu. Nikajua mnataka nini."

Maneno hayo yalinikaa mwilini na bado yapo. Sikuyakataa, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani. Lakini nilimwambia kwamba mzigo ulikuwa mzito na angekuja kusema, na sisi tungembebea, na kwamba mtu akilemewa haangushi mzigo juu ya aliyelala. Akashika shuka iliyolowa, akalia kidogo, kisha akanawa uso kwa maji ya ndoo.

Sista alimwita chifu. Wazee hawakuweza kupanda hadi ofisini kwake, kwa hiyo chifu alikuja yeye, akaketi katikati ya vitanda na kofia yake mapajani, akamsikiliza kila mmoja kwa lugha aliyoichagua. Mhudumu aliitwa, akakiri. Chifu alimuuliza Bibi, kama mkubwa wa walioumizwa, anataka nini kifanyike.

"Nataka asishike tena mtu asiyeweza kuondoka," Bibi alisema. "Si hapa, si kwingineko. Na nataka birika langu likae chini. Basi."

Chifu alimpa mhudumu onyo kali mbele ya jamaa zake, na Sista akamwachisha kazi siku hiyo. Sista mwenyewe aliwatembelea wakubwa wa hospitali na makao mengine ya karibu, akawaeleza. Nilisikia baadaye kwamba yule mwenzangu alirudi kwenye shamba lake upande wa Kithyoko, analima na kuuza nyanya. Nadhani huko alifaa zaidi. Nyanya hazikojoi.

Siku chache baadaye nilikuwa nikimfunga Bibi kitambaa cha kichwa, nikasema, "Hii kitambaa yako ni mzuri."

Akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu," alisema, "nimeumwa muda mfupi tu, na umeharibika kiasi hiki?"

Nilicheka mpaka Sista akaja kuangalia.

Mambo mengi yalibadilika baada ya hapo, na mengi yalianzia kwa wazee wenyewe. Kwanza hakuna aliyefanya kazi wodini peke yake tena. Walikuwa wawili wawili, na aliyechoka aliruhusiwa kusema amechoka, akapewa bustani au jiko kwa siku kadhaa bila kuonekana mvivu. Lango likawa wazi mchana kutwa. Akina mama wa msikitini walirudi Ijumaa na sufuria zao, na walipoona wazee wengine wakinusa, walianza kupika kwa ajili ya wote. Kikundi cha kina mama wa kijiji cha karibu nacho kikaomba nafasi, wakaja na katani zao kusuka vikapu vya vyondo pale pale ukumbini, wakiwapa mabibi wenye vidole vizuri sehemu ya kazi. Nyumba yenye watu wanaoingia na kutoka ni vigumu kuficha kitu ndani yake.

Wahudumu wapya walipokuja, Sista aliniuliza nitawafundisha vipi. Nilisema nitawalaza. Nikawalaza kweli, mmoja mmoja, kwenye kitanda cha wodi, nikamwambia mwenzake amgeuze bila kusema neno, kisha amlishe uji upesi upesi kama mtu anayekimbilia gari. Mmoja alipaliwa akakaa akikohoa, macho yamemtoka. "Hiyo ni dakika moja," nilimwambia. Halafu tulirudia polepole, kwa salamu, kwa kuuliza kwanza.

Sista akasema na yeye alale. Alijilaza na nguo zake zote za kitawa, mikono ubavuni, viatu vyake vyeusi vikitazama juu. Wazee wa wodi zote mbili walikuwa wamesogezwa kuangalia. Mchongaji aliomba apewe kijiko yeye. Mkono ulimtetemeka, uji ukadondoka kwenye kola nyeupe. "Fungua mdomo, Sista," alimwambia kwa sauti ya mhudumu mkali. "Fungua, ama nitakuhamishia wodi nyingine." Sista alifungua mdomo, lakini kwa kicheko, na uji wote ukaenda shavuni. Sijui kama wahudumu wale walijifunza zaidi kwangu au kwa shavu lile.

Mchongaji huyo huyo ndiye tuliyempa uenyekiti wa mkutano wa wazee. Kila wiki walikaa ukumbini na kulalamika, na sisi tulikaa tukisikiliza. Sista aliweka sharti moja, kwamba wiki ikipita bila lalamiko hata moja, mimi na yeye tutaingia kila wodi kuuliza kulikoni. Haikuwahi kutokea. Walilalamikia chumvi, viroboto, mhudumu anayepiga mluzi, na mara moja, kwa kauli moja, walimlalamikia mwenyekiti kwa kusema sana. Alikubali lalamiko hilo kwa hotuba ndefu.

Bibi aliishi nasi miaka mingine mizuri. Idi moja aliwaamuru wapishi wote watoke jikoni, akaegeshwa karibu na moto na kiti chake, akapika pilau kwa mikono ya wahudumu wawili na kwa mdomo wake mwenyewe. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa homa fupi, akiwa amezungukwa na wanawake wa msikitini na mwaitu asiye na meno, aliyekataa kuondoka kitandani kwake. Sanduku lake la bati alikuwa ameagiza nipewe mimi. Bado lina harufu ya mdalasini.

Mwaka uliofuata mama yangu mzazi alianza kushindwa na ngazi za nyumba yake. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, nasi watoto tumetawanyika. Ndugu zangu walitaka azungushwe, mwezi huku, mwezi kule. Mama alisikiliza mipango hiyo kisha akauliza, "Mle unamofanya kazi, kuna kitanda?"

Kaka yangu mkubwa alikasirika. Alisema watu watatuambia tumemtupa mama. Sikubishana naye. Nilimwalika aje siku yoyote, saa yoyote, bila kuniarifu. Alikuja siku ambayo sikuwa kwenye zamu. Alikaa wodini tangu asubuhi, akanywa uji na mabibi, akasikia mkutano wao mzima, na mtu fulani akamwomba amshikilie katani wakati anasuka. Jioni alinipitia nyumbani. Alikaa akizungusha kofia.

"Kuna bibi pale alinigombeza," alisema hatimaye. "Kwamba nimeketi kwenye kiti chake."

"Ulifanya nini?"

"Nilitoka. Alikuwa na haki." Kisha akasema, "Mwache mama aende."

Tulimpeleka Jumatatu. Mama alikuwa na kiondo kilichoanzwa, nguo zake mbili za kanisani, na kuku mmoja ambaye yeye mama alikataa katakata kumwacha nyumbani. Sista alitazama kuku, akatazama mama, akasema kuna kibanda nyuma ya jiko. Nilipopita wodini mchana na dawa, nilimkuta mama ameketi kati ya wenzake wawili, katani imejaa mapajani, wakibishana kuhusu rangi itakayofuata. Nilisimama kando ya mlango na sinia yangu. Aliniona, akanipungia mkono nisubiri, wakaendelea na rangi yao.